Bilioni ya Harris na mjomba wa Trump: michango ya kampeni inalinganishwaje?

Binti Pangani (Brooklyn Park, Minnesota)

Wakuu, salaam. Naombeni msaada kabla sijagombana na ndugu yangu moja kwa moja.

Mimi ni wa Tanga. Huku Minnesota nina mwaka wa kumi na mbili, grinikadi niliipata 2019, kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Kwenye uchaguzi wa Marekani wa 2024 nilimchangia mgombea mmoja dola 25. Simtaji, kila mtu na lwake. Nilikuwa kwenye basi natoka kazini, nikabonyeza, nikaweka namba ya kadi, nikasinzia mpaka kituo changu kikanipita. Kumbe pale chini kulikuwa na kisanduku kimeshawekwa alama ya vema: mchango ujirudie kila mwezi. Sikukiona, au nilikiona nikadhani ni yale mambo ya kukubali masharti. Zikakatwa 25 mara nne ndipo nikashtuka.

Hilo nimelimeza. Kilichonichoma ni cha wiki iliyopita. Binamu yangu wa Houston, mtoto wa shangazi, karusha picha ya skrini kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, watu 64 humo ndani. Jina langu kamili, mji, kazi, mwajiri, na mistari minne: Julai 22, Agosti 22, Septemba 22, Oktoba 22. Dola 25, 25, 25, 25. Chini yake kaandika: "Mfadhili wa mgombea wa mabilionea huyu hapa." Shangazi naye kaweka kikatuni cha kucheka hadi machozi.

Hoja yake ni hii: Kamala Harris wa Democrats alikusanya zaidi ya dola bilioni moja, Trump wa Republicans hata nusu yake hakufika, sasa nani mgombea wa matajiri? Nami nikamjibu, Elon Musk tajiri namba moja duniani alikuwa upande gani? Siku tatu hatujamaliza.

Nilichotaka kujua ni kwamba niliambiwa mchango ulio chini ya dola 200 hauandikwi jina, mbona mimi nimeanikwa juani kama dagaa? Na hizi hesabu za wagombea mtu mwenye akili zake anazilinganishaje? Maana mimi na binamu kila mmoja ana namba yake ya kweli, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo.

Mtoto wa Kariakoo (Dar es Salaam)

Pole dada. Ila 25 mara nne ni dola mia, umetoa kuliko nilivyotoa kwenye harusi ya bosi wangu, na mimi sikutajwa hata kwenye shukrani. Nimekaa pale, nasubiri wajuzi.

Mweka Hazina (Columbus, Ohio)

Dada, pole. Mimi ni mtu wa Moshi. Kabla sijarudi kwenye malori nilikaa misimu miwili ya uchaguzi, 2018 na 2020, kwenye meza ya mweka hazina wa mgombea ubunge hapa Ohio. Alishindwa mara zote mbili, jina tumwachie. Kazi yangu ilikuwa kuingiza michango kwenye kompyuta na kuandaa ripoti za Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, ile FEC.

Tuanze na kuanikwa. Ulichoambiwa ni nusu ya kweli. Kamati ya mgombea inalazimika kukutaja jina ukishapita dola 200 katika msimu. Chini ya hapo unaingizwa kwenye fungu moja na wenzako, jumla tu, bila majina. Lakini wewe hukumpa mgombea mkononi. Ulipita kwenye daraja, yaani tovuti ya kuvushia michango: Democrats wana ActBlue tangu 2004, Republicans wana WinRed tangu 2019. Na daraja, kisheria, linaorodhesha kila senti linayovusha na jina la mwenyewe, hata kama ni dola moja. Kwa hiyo mgombea hakukuanika, daraja ndilo lililokuanika. Kuhusu kutomtaja mgombea wako, Rais Biden alijitoa kugombea Julai 21, na ndani ya saa 24 Harris akavuna dola milioni 81. Mstari wako wa kwanza ni Julai 22. Tarehe imeshakusema, dada yangu.

Pale kwenye meza yetu kulikuwa na mambo. Fomu ikija haina kazi wala mwajiri unampigia mtu simu. "Samahani mama, unafanya kazi gani?" Mmoja aliniambia amestaafu lakini ana kuku arobaini, niandike lipi? Niliandika amestaafu. Siku moja mzee mmoja alileta bahasha ya kanisani, ndani dola 300 za noti za ishirini ishirini, zimenyooshwa kama zimepigwa pasi. Taslimu mwisho ni dola 100 kwa mtu. Ikabidi tumrudishie 200, na alinitazama kama nimemtukania mchungaji wake. Halafu kuna hundi za mke na mume: majina yote mawili yamechapwa juu, sahihi moja chini. Mchango unaandikwa wa aliyesaini.

Na hili wengi hawalijui: kamati inaruhusiwa kuchomeka majina ya uongo hadi kumi kwenye kila ripoti, tume ikiwa imepewa orodha yake kwa siri. Ni mtego. Kunakili majina ya wachangiaji ili uyatumie kibiashara au kuwaomba michango ni kosa, kwa hiyo barua ya kuuza bima ikimfikia mtu ambaye hayupo duniani, mwizi wa orodha amejulikana.

Sasa ugomvi wenu. Chukulia kamati ya harusi ya kwetu. Kuna kikao cha kila Jumapili, mwenyekiti, mweka hazina na daftari. Kila mtu anajua kiwango cha kadi, ahadi zinasomwa, waliotoa wanasomwa. Hiyo ndiyo kamati ya mgombea. Kiwango cha juu kwa mtu mmoja 2024 kilikuwa dola 3,300 kwa kura za mchujo na 3,300 kwa uchaguzi mkuu, jumla 6,600, awe tajiri au wewe. Kampuni haziruhusiwi kabisa kumpa mgombea, tangu sheria ya 1907. Ukisoma mtandaoni kwamba kampuni kubwa fulani "imechangia" mgombea, mara nyingi ni wafanyakazi wake wamejumlishwa kwa ile safu ya mwajiri. Kwa hesabu hiyo hata nyumba yako ya wazee imechangia dola 100, na mwenye nyumba hana habari.

Lakini kila harusi ina mjomba. Mjomba hakai kikao. Anakuja na bendi yake, amelipia mwenyewe, amekodi na magari, na kwenye daftari la kamati hayumo. Huyo ndiye super PAC, kamati ya nje isiyo ya mgombea. Baada ya hukumu za mahakama za 2010, ya kesi ya Citizens United ikiwa ya Januari, mjomba anaruhusiwa kutoa kiasi chochote mradi asipange mambo na bwana harusi. Hiyo ya kutopangana, wacha nikohoe kidogo.

Binamu yako amesoma daftari la kamati. Hapo yuko sahihi: kamati ya Biden iliyogeuka kuwa ya Harris ilikusanya zaidi ya bilioni 1.1 kwa msimu, ya Trump kama milioni 460. Wewe umemwona mjomba, nawe uko sahihi: Musk peke yake alimwaga zaidi ya dola milioni 250 mwaka 2024 kumsaidia Trump na Republicans wengine. Pesa za nje zilizotumika upande wa Trump zilikuwa mara mbili ya kamati yake mwenyewe. Kwa Harris ni kinyume, kamati ilimzidi mjomba.

Nikuonyeshe uzito wa mjomba. Trump alitiwa hatiani New York tarehe 30 Mei 2024. Kesho yake, Mei 31, tajiri Timothy Mellon alitoa dola milioni 50 kwa kamati ya nje ya Trump. Siku hiyohiyo kampeni ikatangaza imevuna milioni 52.8 mtandaoni kwa saa 24 kutoka kwa watu wa kawaida. Zile za Mellon ni michango milioni mbili ya dola 25 kama wako. Mtu mmoja, hundi moja.

Ila usimcheke binamu haraka, Harris naye alikuwa na mjomba, Future Forward, na sehemu ya pesa zake ilipitia tawi lisilotaja wafadhili. New York Times liliripoti Oktoba kwamba Bill Gates alitoa kama milioni 50 huko. Ukimtafuta kwenye orodha ya tume kwa mchango huo humpati. Kwangu mimi huyo anatisha kuliko Mellon, maana Mellon angalau namwona.

Kuna mfuko wa tatu ambao ninyi wote wawili mmeuruka: kamati za pamoja. Mgombea, chama na vyama vya majimbo wanafungua kapu moja. Machi 28, 2024 Biden alikaa jukwaani New York na Obama na Bill Clinton, zikatangazwa dola milioni 26. Siku tisa baadaye Trump alialikwa kwa mwekezaji John Paulson huko Palm Beach, zikatangazwa 50.5. Hundi kubwa kabisa ya kapu la Trump ilikuwa dola 814,600, na ilikatwa hivi: 6,600 za kwanza kwa kampeni, 5,000 zinazofuata kwa kamati yake ya Save America, zilizobaki kwa chama na majimbo. Save America ndiyo iliyokuwa ikilipa mawakili wake, mwaka 2023 peke yake makumi ya mamilioni ya dola. Kwa hiyo siyo kila dola iliyochangwa "kwa Trump" iliona tangazo la televisheni.

Na hata zikifika kwenye televisheni hazilingani. Siku 60 za mwisho, kituo kinalazimika kumuuzia mgombea nafasi kwa bei yake ya chini kabisa. Mjomba anauziwa bei ya soko, na soko la Oktoba kule Pennsylvania linakamua kweli. Dola ya kamati inanunua zaidi ya dola ya mjomba. Ndiyo maana mimi nikilinganisha wagombea sijumlishi mifuko yote nikapata namba moja. Naisoma mmoja mmoja.

Jang'o (Kisumu)

Shikamoo Mweka Hazina. Umenikumbusha 2008 nikiwa kidato cha tatu. Hapa kila mtu alitaka kumchangia Obama, mwalimu wetu mmoja alipendekeza harambee darasani. Bahati nzuri hakuna aliyejua pesa itumwe wapi, maana mtu asiye raia na asiye na ukaazi wa kudumu haruhusiwi kutoa hata shilingi. Shangazi yake Obama mwenyewe, Mkenya aliyekuwa akiishi Boston bila karatasi, alikuwa amechangia kama dola 260 hivi, vidogovidogo. Habari ilipotoka siku chache kabla ya kura, kampeni ikasema inamrudishia. Mtoto wa kaka yako anagombea urais wa Marekani, na dola zako 260 zinarudi.

Na Agosti mwaka huohuo Lagos walifanya chakula cha jioni kwa jina la kumuunga mkono, wakakusanya naira za kutosha, kampeni ikajitenga nao mara moja.

Watu husema 2008 ilikuwa ya wachangiaji wadogo. McCain, mpinzani wake wa Republicans, alichukua pesa za serikali, dola milioni 84 za uchaguzi mkuu, na akichukua hizo haruhusiwi kuchangisha zake. Obama alizikataa, wa kwanza wa vyama vikubwa kufanya hivyo tangu mpango uanze 1976, halafu Septemba peke yake akakusanya milioni 150. Lakini watafiti walipojumlisha mtu kwa mtu badala ya hundi kwa hundi, waliobaki chini ya 200 walileta karibu robo tu ya pesa, sawa na za Bush 2004. Mama wa dola 50 alikuwa amerudi mara kumi.

Kwetu je? Sheria ya ufadhili wa kampeni ipo tangu 2013. Tume yetu ya uchaguzi, IEBC, 2021 ikaweka kikomo cha shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, Bunge likazitupa kanuni zake, uchaguzi wa 2022 ukaenda bila kikomo. Ukitaka kujua nani ana wafadhili, hesabu helikopta.

Mtoto wa Kariakoo (Dar es Salaam)

Sisi tulikuwa na neno zuri zaidi, takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Liliwekwa hadi kwenye sheria, Mahakama Kuu ikalifuta 2006. Pilau ikabaki.

Lakini Mweka Hazina, nikuulize. Haya yote ya nini? 2016 Hillary Clinton alikusanya kama milioni 560, Trump kama 330, akashinda Trump. 2020 tajiri Michael Bloomberg, kwenye mchujo wa Democrats, akatumia zaidi ya bilioni moja ya mfukoni mwake, akaambulia ushindi Samoa ya Marekani tu, visiwa vyenyewe wengi hapa hatujui viko wapi. 2024 Harris ana mara mbili na zaidi, kaanguka. Pesa haishindi. Tunahesabu ya nini?

Mweka Hazina (Columbus, Ohio)

Swali zuri kijana, na sitakudanganya kwamba mwenye nyingi ndiye anayeshinda. Ngazi ya urais kila mtu anawajua wagombea tayari, tangazo la elfu moja halibadilishi kitu. Ngazi ya ubunge, nilipokaa mimi, mgombea asiye na pesa hata jirani yake hajui kama anagombea. Mkono mtupu haulambwi.

Mimi siangalii pesa ili nijue nani atashinda. Naangalia ili nijue simu ya nani itapokelewa baadaye. Pale ofisini tulikuwa na karatasi mbili ukutani. Moja ya namba za wachangiaji wa dola 2,800, kiwango cha 2020, mgombea anawapigia mwenyewe kila asubuhi saa mbili, mlango umefungwa. Nyingine ilikuwa ya waliotoa kidogo: wanatumiwa ujumbe na mashine. Kile kisanduku cha dada kimewekwa na mashine hiyo, na kimewahi kutumika pande zote mbili. Msimu wa 2020 kampeni ya Trump na chama chake walilazimika kurudisha zaidi ya milioni 120, nyingi za watu walioona kadi zao zimekatwa tena na tena.

Halafu wachangiaji wadogo hawana chama cha kudumu. 2020 karibu nusu ya pesa za kamati ya Trump zilitoka kwa waliotoa chini ya 200, Biden chini ya asilimia 40. 2024 imegeuka, Harris kama asilimia 40, Trump chini ya 30. Binamu angeileta hoja yake miaka minne nyuma, dada ungekuwa na kazi.

Dada, ingia kwenye tovuti ya tume, upande wa michango ya watu binafsi. Unaandika jina, jimbo, msimu. Ripoti za mwisho wa mwaka 2024 zimeshaingia, zinaishia Desemba 31. Jifunze kusoma mwenyewe, usingoje picha za skrini za watu.

Binti Pangani (Brooklyn Park, Minnesota)

Asante sana kaka Mweka Hazina, na Jang'o. Ile ya mjomba na bendi nimeicheka kazini hadi mzee mmoja akaniuliza kuna nini.

Jana usiku saa nane, wazee wamelala, nikaingia huko kwenye tovuti. Nikaandika jina langu, nikajiona, mistari yangu minne. Halafu nikaandika la ukoo wa shangazi, jimbo Texas.

Mistari 31.

Dola 15, dola 15, dola 15, kila Ijumaa. Wa mwisho Desemba 27, wiki saba baada ya kura kuhesabiwa na mtu wake kushinda. Wa kwanza Mei 31. Nikakumbuka maneno yako, kaka, siku ya Mellon na milioni zake hamsini. Nikajumlisha kwenye kikokotoo cha simu: dola 465. Binamu huyu anaendesha teksi, na Novemba aliniomba 200 za breki za gari.

Nilishapiga picha ya skrini. Kundi lipo wazi, watu 64, kidole kipo juu ya kile kimshale cha kutuma. Nikakiondoa, nikampigia, na huko kwake pia ilikuwa usiku, yuko barabarani. Nikamwambia, "Mistari yangu minne, yako 31." Akadhani namtania. Nikamsomea tarehe moja moja hadi nikafika Septemba, akasema basi.

Kimya kidogo, nasikia kiashiria cha kona kinagonga. Kisha akaniuliza, "Wewe hicho kisanduku ulikitoaje?"